Ndama kafa kwa betri ya jirani: je, maziwa, maini na makongoro ya waliobaki yanalika?

*"Shikamoo daktari. Naishi Kitunda, Dar es Salaam. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, mbuzi watatu na kuku wa kienyeji kama ishirini. Jirani yangu anavunja betri chakavu za magari nyuma ya nyumba yake, anayeyusha risasi ya ndani na kuwauzia wavuvi wanaotengeneza chubwi za nyavu. Mvua za mwezi uliopita zilibomoa ukuta wetu, ndama wangu wa miezi miwili akapita akawa analamba pale. Siku ya pili yake alikuwa haoni, anasaga meno, anagonga kichwa ukutani, na usiku akafa. Mtaalamu wa mifugo aliyekuja alisema ni sumu ya betri. Ng'ombe mkubwa mmoja naye alikuwa akipita huko, ila anakula na anatoa maziwa kama kawaida. Shemeji anasema tumchinje haraka tuuze kabla hajafa, na kwamba nyama ikichemka sana sumu inaisha. Mama mkwe anasema tutupe maini na figo tu, mengine yote tule. Wanangu wa miaka mitatu na sita wanakunywa maziwa yake kila asubuhi, na mayai tunakula. Nifanye nini?"*

Marahaba, na pole sana kwa ndama. Kabla sijaeleza lolote nakuomba jambo moja lifanyike leo hii: maziwa ya ng'ombe huyo yasiingie tena kwenye kikombe cha mtoto, na mayai ya kuku wako yasiliwe, mpaka tupate vipimo. Ng'ombe asichinjwe wala asipelekwe mnadani. Ukishayafanya hayo, kaa tusome pamoja, kwa sababu ulichouliza kina mambo mengi ndani yake.

Nikikuelewa vizuri, unauliza maswali matatu. La kwanza, je, ng'ombe anayekula vizuri na kutoa maziwa anaweza kuwa na sumu mwilini? La pili, sumu hiyo inakaa wapi, ili ujue kipi kitupwe na kipi kiliwe? La tatu ni moto: je, kuchemsha kunasaidia? Naanza na hilo la tatu, maana ndilo linalowaponza watu wengi.

Kuchemsha hakusaidii hata kidogo. Tumezoea kuchemsha kwa sababu adui zetu wa kila siku jikoni ni vijidudu, na vijidudu hufa kwa moto. Sumu hiyo ya betri ni risasi, na risasi ni metali, kama chuma au shaba. Haifi, haiozi, haigeuki mvuke kwenye sufuria yako. Jirani yako mwenyewe ni shahidi: ili aiyeyushe tu inabidi afikishe nyuzijoto 327, wakati maji yako yanachemka kwa 100, na ikishayeyuka bado ni risasi ileile anayoimwaga kwenye kalibu. Nyama yenye risasi ukiichemsha saa nne utapata nyama laini yenye risasi, na mchuzi wenye sehemu ya risasi iliyotoka kwenye nyama. Ukikamulia ndimu au ukitia ukwaju kwenye supu ya mifupa, unaifanya risasi itoke kwenye mfupa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa uchachu huitoa.

Kuna imani nyingine ambayo hukuitaja, lakini naisikia gereji zote za mji huu, kuanzia Tabata hadi Mbagala: kwamba mtu anayefanya kazi ya betri au rangi akinywa maziwa, maziwa yanaosha sumu. Hayaoshi. Mtu mwenye chakula tumboni na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa, hilo ni kweli, lakini iliyokwisha kuingia haisafishwi na glasi ya maziwa. Na kwa ndama mambo ni kinyume kabisa. Ndama anayenyonya hufyonza sehemu kubwa sana ya risasi anayomeza, wakati ng'ombe mkubwa hufyonza kama asilimia 1 au 2 tu na iliyobaki huitoa kwenye kinyesi. Ndiyo maana mama na mwana wamepita uwanja mmoja, mwana akafa na mama anacheua.

Kiasi chenyewe cha kuua ndama ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Vitabu vyetu vinataja kuanzia miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito wake. Ndama wa kilo 60 ni gramu 24. Kwa kuwa risasi ni nzito mno, gramu 24 hazifiki nusu ya kijiko cha chai. Betri moja ya gari ina kilo kadhaa za risasi. Na ile iliyo ndani ya betri si kipande kigumu peke yake. Kuna tope la kijivu na la kahawia lililopakwa kwenye pleti, laini kama unga uliolowa, na hilo huyeyuka tumboni upesi kuliko kipande. Ng'ombe wanalipenda. Lina ladha ya chumvichumvi, na mnyama asiyepata jiwe la kulamba, kiangazi majani yamekauka, atalamba chochote chenye ladha hiyo. Wewe hukufanya uzembe wowote. Ndama wa miezi miwili hujifunza dunia kwa ulimi wake.

Sasa nikueleze njia inayopitwa na risasi mwilini. Ukiijua njia, utajijibu mwenyewe maswali mengine mengi.

Mwanzo ni tumboni. Ng'ombe humeza kwanza, hutafuna baadaye. Kitu kizito hakiendi mbali. Hudondokea tumbo la pili, lile lenye ukuta wa vyumba kama sega la nyuki, ambalo wauza supu wanalijua sana. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa pembezoni mwa mji kumpasua mtamba aliyekufa ghafla. Nililipasua tumbo hilo nikalisuuza kwa maji taratibu. Ndani ya vile vyumba, karibu kila kimoja, kulikuwa na chembe za kijivu zimekaa kama mtu kazipanga. Nilichukua mojawapo nikaipitisha juu ya karatasi nyeupe: ikaacha mstari kama penseli. Kiganja kimoja cha chembe zile kilikuwa kizito kama sarafu za kiroba kizima. Mtamba yule alikuwa ameziokota wiki kadhaa nyuma, na muda wote huo tumbo lilikuwa likizimung'unya kidogo kidogo na kuzipeleka kwenye damu. Hili ndilo linalonitia wasiwasi na ng'ombe wako mkubwa. Hata kama harudi tena kwa jirani, anaweza kuwa anatembea nayo tumboni.

Kutoka tumboni, risasi inapita ukuta wa utumbo kwa hila. Mwili una milango ya kuingizia kalsiamu na chuma, madini ambayo ni lazima yaingie. Risasi inafanana nayo kiasi cha kuvidanganya vitasa vya milango hiyo, kama mgeni aliyevaa kanzu ya mwenyeji akapitishwa bila kuulizwa. Ndiyo maana mnyama mwenye upungufu wa kalsiamu, fosforasi au chuma hufyonza risasi nyingi zaidi: milango yake iko wazi muda wote, inatafuta. Mtoto wa binadamu mwenye upungufu wa damu yuko vivyo hivyo.

Damu inayotoka utumboni hupita kwanza kwenye ini. Ini hushika sehemu, na sehemu nyingine huirudisha utumboni kupitia nyongo ili itoke na kinyesi. Inayobaki huingia kwenye mzunguko, na humo zaidi ya asilimia 90 hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu, si kwenye maji yake. Kumbuka hilo, nitalirudia tukifika kwenye kipimo. Humo kwenye chembe nyekundu huvuruga utengenezaji wa damu yenyewe, kwa kukizuia kimeng'enya kinachojenga himoglobini. Kisha damu inafika kwenye figo, na hapo ndipo mnyama anapobeba mzigo mkubwa kuliko viungo vyake vyote laini. Figo huchuja, na katika kuchuja hunasa. Seli za mirija yake hujaribu kuifungia risasi ndani ya vifuko vya protini, kwenye kiini chenyewe cha seli, ili isiendelee kudhuru. Kwenye darubini tunaviona, na ni moja ya alama zinazotuthibitishia kwamba mnyama alikula risasi.

Kwa macho hutaona chochote. Figo za yule mtamba zilikuwa nzuri, zinang'aa, za rangi ya damu ya mzee. Ningezikuta buchani ningezinunua. Majibu ya maabara yalipotoka zilikuwa na risasi mara nyingi kuliko nyama ya paja lake. Mkaguzi wa nyama pale machinjioni Vingunguti anapasua ini kutafuta minyoo, anapasua tezi kutafuta kifua kikuu, anakata misuli kutafuta tegu. Kazi hiyo inaokoa watu kila siku, lakini risasi haina rangi, uvimbe wala harufu atakayoikuta kwa kisu chake. Kwa hiyo usiseme moyoni, "Nitampeleka machinjioni, kama mbaya watamkataa."

Kiungo cha mwisho ni mfupa, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo mama mkwe alipokosea bila kujua. Baada ya muda, risasi nyingi mwilini huhamia kwenye mifupa, ikikaa mahali pa kalsiamu. Kwenye damu hukaa wiki na miezi, kwenye figo na ini miezi, kwenye mfupa miaka. Sisi tunauona mfupa kama jiwe, lakini ndani ya mnyama hai mfupa unabomolewa na kujengwa kila siku. Ng'ombe akizaa na kuanza kutoa maziwa, anahitaji kalsiamu kuliko anayokula, basi anaikopa mifupani. Akiikopa, risasi iliyolala pale inaamka nayo, inarudi kwenye damu na sehemu yake inaingia kwenye maziwa. Ng'ombe aliyeonekana amepona mwaka jana anaweza kutoa maziwa yenye risasi mwaka huu baada ya kuzaa. Na akiwa na mimba, risasi hupita kondo hadi kwa ndama aliye tumboni.

Kwa hiyo mama mkwe yuko nusu sahihi. Figo na maini ndiyo sehemu hatari zaidi, na nyama ya misuli ndiyo yenye kidogo zaidi. Lakini akitupa maini kisha akapika supu ya makongoro na mifupa ya uboho, amefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Ngoja nikupe hesabu ndogo uone tofauti ilivyo. Codex, chombo cha pamoja cha FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, kinachopanga viwango vya chakula, kinataka maziwa yasizidi miligramu 0.02 za risasi kwa kilo, na nyama isizidi 0.1. Sisi madaktari wa mifugo tunasema figo ya ng'ombe imethibitisha sumu ikifika miligramu 10 kwa kilo. Kipande cha gramu 50 cha figo kama hiyo, ambacho mtoto wako wa miaka sita anakimaliza kwa tonge tatu za ugali, kina risasi sawa na lita 25 za maziwa yaliyo kwenye ukomo wa kiwango.

Kuhusu maziwa yenyewe: kiasi kinachotoka kinafuata kiasi kilichomo kwenye damu. Damu ikiwa juu, maziwa hayafai. Damu ikishuka, maziwa nayo hushuka. Huwezi kulijua hilo kwa kuonja wala kwa kuangalia kama yanaganda vizuri kuwa mtindi. Na usimpe ndama mwingine, mbwa au paka maziwa hayo. Mkamue, chimba shimo mbali na kisima na bustani, mwaga. Kama yuko karibu na mwisho wa kukamuliwa, mwombe daktari akusaidie kumkausha, usiumie kila asubuhi kumwaga ndoo.

Kuku wanahitaji aya yao. Kuku hana meno. Anameza vichanga na kokoto ndogo zisaidie kusaga chakula kwenye firigisi. Kuku wa kienyeji anayechakura karibu na mahali pa kuvunjia betri ataokota chembe za risasi akidhani ni kokoto nzuri, zenye uzito mzuri, na firigisi itazisaga polepole kwa siku nyingi. Isitoshe anaoga vumbi la pale. Kuku anayetaga hujenga kila ganda kwa takribani gramu 2 za kalsiamu, na sehemu yake anaitoa mifupani, kwa hiyo njia ni ileile ya ng'ombe, ila mbio zaidi. Kwenye yai risasi huingia ganda na kiini cha njano kuliko ute. Na kiini ndicho tunachowapondea watoto wadogo kwenye uji.

Kama unadhani natia chumvi, waangalie jirani zetu wa Zambia. Kabwe palikuwa na mgodi wa risasi na zinki uliofungwa mwaka 1994. Miaka zaidi ya kumi na tano baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Zambia na wa Hokkaido, Japani, walipima maini na figo za ng'ombe wanaochungwa karibu na pale, kisha kuku wa kienyeji wa mitaa ile, na bado waliikuta risasi kwa wingi viungoni mwao. Mgodi ulikuwa umekufa, udongo ulikuwa haujasahau. Nasema hili ili ujue kwamba hata jirani akiacha kazi hiyo kesho, uwanja wake na wako bado una deni.

Na sasa tupime njia ulizonazo. Nitakuambia ukweli wa kila moja, pamoja na maumivu yake.

Kumchinja sasa na kuuza, kama anavyotaka shemeji, naelewa linatoka wapi. Ng'ombe wa maziwa ni mtaji, na mtaji unaotishia kufa hukosesha usingizi. Lakini nyama hiyo itafika kwenye bucha ya Gongo la Mboto au kwenye sufuria ya mama ntilie, na maini na figo zake ataletewa mama mjamzito anayeambiwa ale maini aongeze damu. Kumpeleka hai mnadani Pugu ni kosa hilohilo likipitia mkono wa mtu wa kati. Siwezi kukuunga mkono kwa hilo, na sidhani na wewe ungeandika kama moyo wako ungekubali.

Njia ninayokushauri ni kumtenga, kumpima, kumtibu ikihitajika, na kusubiri. Daktari wa mifugo atachukua damu kwenye tyubu yenye dawa ya kuzuia isigande, kwa kawaida ile ya kifuniko cha zambarau. Hapa ndipo nilipokuahidi kurudi: ipelekwe damu nzima. Ikiachwa igande yakachukuliwa maji yake peke yake, kipimo kitasema mnyama mzima, kwa sababu risasi imebaki kwenye chembe nyekundu zilizotupwa. Nimeona majibu ya namna hiyo, na familia ikaendelea kunywa maziwa wakiwa na karatasi ya maabara mkononi. Kwa ng'ombe, damu yenye zaidi ya miligramu 0.35 kwa kilo tunaihesabu ni sumu. Wapimwe ng'ombe wote wawili na mbuzi wote, hata ambaye unaapa hakuvuka ukuta. Ofisi ya mifugo ya halmashauri yako na Wakala ya Maabara ya Veterinari pale Temeke watakuelekeza utaratibu wa sampuli, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayoshughulika na sumu na madini. Piga simu au fika uulize kwanza wanataka sampuli ihifadhiwe vipi, usije ukarudia safari.

Matibabu yapo. Daktari anaweza kumpa chumvi ya magnesi salfeti kwa mdomo, ambayo huigandisha risasi iliyo tumboni ikawa haifyonzwi kirahisi. Anaweza kumchoma vitamini B1, inayolinda ubongo na inayopatikana. Ipo dawa ya sindano inayoikamata risasi kwenye damu na kuitoa kwa mkojo, lakini ni ghali, haipo kila duka la mifugo, inahitaji kurudiwa, na haizifuati chembe zilizolala kwenye tumbo la pili. Wakati mwingine inabidi tumfanyie upasuaji kuzitoa. Mkaa uliosagwa, ambao watu hutumia kwa sumu nyingine, kwa risasi hausaidii. Usinunue dawa hizi ujichanganyie mwenyewe. Kipimo kikizidi, hiyo ya sindano inaharibu figo zilezile tunazotaka kuziokoa.

Kusubiri kwenyewe ni kurefu. Kwa baadhi ya ng'ombe damu hushuka baada ya miezi michache, kwa wengine, hasa wenye chembe tumboni, huvuka mwaka. Hupimwa tena na tena hadi itulie chini, na akizaa hupimwa upya kabla maziwa hayajarudi mezani. Kama kipimo cha kwanza kitakuwa juu sana, mimi mwenyewe ningekushauri auawe kwa utulivu na kuzikwa kwenye shimo refu, na ninajua ninachokuomba ninaposema hivyo. Kuku, kwa maoni yangu, usihangaike kuwapima mmoja mmoja. Waondoe wote, wazike, na ulete wengine baada ya uwanja kusafishwa. Mtaji wao ni mdogo kuliko kipimo chao.

Samadi pia. Kwa vile ng'ombe hutoa risasi nyingi kwenye kinyesi, samadi ya miezi hii isiende kwenye matuta ya mchicha wala matembele. Mboga za majani za mji huu zina mzigo wake tayari: tangu mwaka 1999 watafiti walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, na risasi ilikuwa mojawapo ya metali walizozikuta. Tusiziongezee.

Kuna jambo moja la ndama ambalo lazima nilitaje, kwa kuwa sikumwona. Upofu, kusaga meno na kugonga kichwa vinafanana na sumu ya risasi, na historia yako inaelekea huko. Lakini kichaa cha mbwa kwa ng'ombe nacho huanza kwa vurugu za ubongo na mate mengi. Kama kuna mtu alimfungua ndama mdomo, alimnywesha dawa kwa chupa, au mate yake yaligusa kidonda, aende kituo cha afya leo, aeleze hivyo, apewe ushauri wa chanjo. Usisubiri dalili, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Sasa watoto wako, ambao nimewaacha mwisho ingawa ndio niliowafikiria tangu mstari wako wa kwanza. Risasi iliyomwua ndama ilikuwa kwenye vumbi, na vumbi halina mpaka wa ukuta uliobomoka. Mwaka 2007 hadi 2008, kwenye mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa mahali ambapo watu walikuwa wakivunja betri na kuchekecha udongo wake majumbani. Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru kiliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, na wakazi walihangaika mahakamani miaka mingi kwa madhara ya afya zao. Mtoto hufyonza karibu nusu ya risasi anayoimeza, mtu mzima kama sehemu moja ya kumi, na ubongo wa mtoto bado unajengwa. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto akifikisha mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Wengi hawaonyeshi dalili. Wengine hukosa choo, huumwa tumbo la mara kwa mara, hupungukiwa damu, huwa wazito shuleni walimu wakadhani ni wavivu.

Wapeleke hospitali wote wawili wiki hii hata kama wanacheza. Mwambie daktari maneno haya: "Jirani anayeyusha betri, ndama amekufa kwa risasi, watoto wamekunywa maziwa na kula mayai ya nyumbani." Kipimo cha risasi kwenye damu hakipo kila kituo, hivyo sisitiza uandikiwe rufaa. Kama mmoja akitapika mfululizo, akalegea kupita kawaida, akachanganyikiwa au akapata degedege, usingoje asubuhi. Na kama wewe una mimba au unanyonyesha, pimwa nao, kwa sababu mifupa yako inafanya kazi ileile ya mifupa ya ng'ombe.

Wakati mnasubiri majibu, ukuta uzibwe hata kwa mabati. Uwanja usifagiwe mkavu; nyunyiza maji kwanza. Viatu vibaki mlangoni, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, nguo za aliyekanyaga uwanja ule zifuliwe peke yake. Ndani, tumia tambara lililolowa badala ya ufagio. Watoto wale kabla hawajaenda kucheza, na chakula chao kiwe na dagaa na maharage, maana tumbo lenye chuma na kalsiamu halifungui milango ovyo.

Jirani naye nenda kamwone, kwa salamu na kwa upole, pamoja na mjumbe wako. Huenda hajui. Yeye ndiye anayevuta moshi ule kila siku na kurudi na vumbi kwenye nguo kwa watoto wake, na nadhani damu yake ina risasi kuliko ya ng'ombe wako. Mweleze ndama alivyokufa, mwombe na yeye akapimwe. Akikataa kuacha kuyeyusha katikati ya nyumba za watu, serikali ya mtaa na ofisi ya kanda ya NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, wana mamlaka ya kuja, na kuwaita si uadui. Udongo wa juu uliochafuka uondolewe kwa maelekezo yao. Usiuchote mwenyewe ukaumwaga mtoni au barabarani.

Kwa daktari wa mifugo utakayemwita kesho, mpe orodha iliyoandikwa: tarehe ndama alipovuka, tarehe aliyokufa, nani mwingine alivuka na mara ngapi, nani ana mimba, nani anakamuliwa na lita ngapi. Kama ndama alizikwa na bado panajulikana, muulize kama mfupa au figo vinaweza kuchukuliwa sampuli. Kama hajazikwa vizuri, mbwa wa mtaa wasimfikie.